Jinsi ya Kupiga Picha za Ndege wa Majini Msimu hadi Msimu: Mwongozo Kamili

Picha ninayoonyeshwa mara nyingi kuliko zote ni hii: ndege mdogo katikati ya fremu kubwa, amegeuza mgongo, mabawa ndiyo kwanza yanafunguka, jicho halionekani. Aliyeipiga huniuliza anunue lenzi gani. Nikimwuliza alifikaje pale, karibu kila mara jibu ni moja: alimwona ndege kwa mbali, akamfuata.

Ukimfuata ndege utampiga picha akikukimbia. Ukitaka uso wake, fika kabla yake, ukae chini, umwache aje. Mwongozo huu unafundisha namna ya kufanya hivyo katika sehemu moja ya maji, ukiirudia mwaka mzima, kwa sababu maji yale yale hubadilika kabisa msimu ukigeuka.

## Vifaa

- Kamera yoyote yenye fokasi ya haraka na lenzi inayobadilishwa.
- Lenzi ya mm 300 au zaidi. Ya 100–400 au 150–600 inafaa sana. Kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya aina ya APS-C hukuongezea karibu mara moja na nusu, yaani mm 300 huona kama mm 450.
- Mfuko wa kuegemezea lenzi: kitambaa kigumu kilichoshonwa, kikajazwa maharage, mchele au mchanga mkavu.
- Turubai ya kulalia na shuka kubwa la rangi iliyofifia, kahawia au kijani cha majani makavu.
- Betri ya ziada na kadi mbili za kumbukumbu.
- Mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi na kitambaa laini.
- Daftari na penseli. Wino huyeyuka daftari likilowa, penseli haina neno.
- Maji ya kunywa na kofia.

Stendi ya miguu mitatu sijaiweka kwa makusudi. Inakuinua juu, na kazi hii ni ya chini.

## Hatua ya 1: Yajue maji kabla ya kubeba kamera

Chagua bwawa, kinamasi, kijito au ukingo wa ziwa ulio karibu na unapoishi. Bwawa la kawaida unalolifikia kila wiki lina faida kuliko ziwa maarufu utakalolifikia mara moja kwa mwaka, maana ndege wana ratiba zao, na ratiba hizo huzijui kwa siku moja. Kama eneo lina mwenyewe au limehifadhiwa, omba ruhusa na ufuate masharti yake.

Nenda mara tatu mikono mitupu: alfajiri, mchana na jioni. Angalia ni wapi maji hayazidi kina cha muundi, kwa sababu ndege wenye miguu mirefu kama yangeyange huwinda hapo. Angalia tawi kavu lililoning'inia juu ya maji, maana ndicho kiti cha mdiria, ndege mvua samaki. Tafuta vinyesi vyeupe kwenye jiwe au kisiki. Sijui alama ya kuaminika kuliko hiyo: kilichopakwa chokaa na ndege, ndege hukirudia.

Tahadhari. Kama maji yako yana mamba, usilale ukingoni hata siku moja. Kaa mbali, juu, au ndani ya gari. Kama yana kiboko, tafuta njia zake kwenye majani. Hutoka usiku kwenda malishoni na kurudi alfajiri, saa ile ile unayofika wewe. Usikae kati yake na maji.

Uko tayari kuendelea ukiweza kusema, kabla hujafika, ndege gani atakuwa wapi na saa ngapi, na ukapatia mara mbili kati ya tatu.

## Hatua ya 2: Panga jua na upepo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kamera haihusiki kabisa.

Ndege huruka na kutua akielekea upepo unakotoka. Upepo ukimpiga kifuani, mabawa humwinua upesi. Na anapotua, upepo huo huo humpunguzia kasi. Sasa fikiria mahali ulipo. Upepo ukikupiga usoni, ndege aliye mbele yako ataondoka akikupa mgongo, ufanye utakalo. Ukikupiga kisogoni, ataruka akija upande wako na atatua akikutazama. Jambo hili moja limewasaidia watu niliowafundisha kuliko kifaa chochote walichonunua.

Jua nalo liwe mgongoni. Tazama kivuli chako: kikielekea pale ndege atakapokuwa, umekaa sawa. Kikilala kushoto au kulia, upande mmoja wa ndege utakuwa gizani.

Siku ambayo jua na upepo vyote viko nyuma yako ndiyo siku ya picha za kuruka. Siku vinapopingana, achana na mabawa. Piga ndege waliotulia, au geukia jua lenyewe likiwa chini upate umbo jeusi la ndege juu ya maji ya dhahabu.

Kuna jambo ambalo huonekana tu kwa anayerudi. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Hata karibu na ikweta, sehemu linapochomozea husogea takriban nyuzi 47 kati ya Juni na Desemba, na kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo inavyosogea zaidi. Mimi nilipoteza wiki tatu za Desemba nikisubiri mwanga kwenye kisiki kilichonipa picha nzuri mwezi Juni. Kisiki kilikuwa pale pale, na mdiria alikuwa juu yake. Jua lilikuwa limehamia nyuma ya miti.

Muda nao ni mfupi. Karibu na ikweta jua hupanda wima, na mwanga laini wa asubuhi hudumu kama nusu saa. Mbali na ikweta, hasa majira ya baridi, hupanda kimshazari na mwanga ule hukaa zaidi. Joto likishapanda, hewa iliyo juu ya ardhi na maji huanza kuchezacheza, na picha ya ndege wa mbali hutoka kana kwamba fokasi imekosea. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Sogea karibu au rudi nyumbani.

## Hatua ya 3: Tayarisha kamera usiku uliotangulia

Gizani vidole havikumbuki vitufe. Weka kila kitu sawa ukiwa nyumbani.

- Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, kwa sehemu ya sekunde: 1/500 kwa ndege aliyesimama au anayetembea, 1/2000 kwa anayeruka, 1/3200 kwa mdiria anayepiga mbizi. Ncha ya bawa huenda mbio kuliko mwili, na ndiyo hutoka imefifia kwanza.
- Tundu la lenzi: f/5.6 hadi f/8.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga: otomatiki, kikomo 6400. Wengi huiogopa ISO kubwa kwa sababu ya chembechembe, wakashusha kasi ya shata. Chembechembe hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.
- Fokasi: ile inayoendelea kumfuata kiumbe. Kamera nyingi huiandika AF-C, Canon huiita Servo. Kama kamera yako hutambua jicho la mnyama, washa. Kama haitambui, tumia nukta moja kwa ndege aliyetulia na kundi dogo la nukta kwa anayeruka.
- Faili: RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana, ili weupe uliopita kiasi kidogo uweze kurudishwa.

Angalizo moja kuhusu shata ya kielektroniki isiyo na sauti. Inafaa sana kwa ndege aliyetulia, lakini kwenye kamera nyingi sensa husoma picha mstari baada ya mstari, na bawa linalopiga hutoka limepinda. Kwa kuruka, tumia shata ya kawaida.

Kisha jizoeze kwa ndege wa kawaida yeyote, nusu saa kila siku kwa wiki moja. Unatafuta kitu kimoja: uweze kuhama kutoka 1/500 hadi 1/2000 bila kuondoa jicho kwenye kamera.

## Hatua ya 4: Fika gizani, lala chini

Uwe umeshatulia dakika 40 kabla ya jua kuchomoza. Ndege anayekukuta mahali hukuchukulia kama sehemu ya mahali hapo. Anayekuona ukija hukuchukulia kama adui.

Tandika turubai, weka mfuko wa maharage mbele, lenzi juu yake, shuka juu yako. Lenzi iwe usawa wa jicho la ndege. Ukipiga kutoka juu, nyuma yake kunakuwa na matope na majani. Ukipiga kutoka chini, nyuma kunakuwa na maji ya mbali yaliyoyeyuka kuwa rangi tupu, na ndege anasimama peke yake mbele yake. Tofauti ni sentimita 80 tu, na picha ni nyingine kabisa.

Usitazame simu. Mwanga wake usoni mwako huonekana mbali.

Ndege akifika, usipige upesi. Mwache ale kwanza. Jifunze kusoma wasiwasi wake: ameacha kula, amenyoosha shingo, amebana manyoya mwilini, anatoa mlio wa kukatakata. Ukiona dalili mbili kati ya hizo, ondoa jicho kwenye kamera, inamisha kichwa na utulie. Asipotulia baada ya dakika chache, uko karibu mno. Rudi nyuma siku nyingine.

Umefaulu ndege akiendelea kula, kuoga au kujisafisha manyoya kana kwamba haupo. Picha ya ndege anayekukodolea macho kwa hofu ni picha ya hofu, hata fokasi ikiwa sawasawa.

## Hatua ya 5: Rekebisha mwanga kwa ndege mweupe na mweusi

Kamera hukisia kwamba kila kitu ni cha kijivu. Ukiielekeza kwa yangeyange mweupe mbele ya maji meusi, huona giza, huongeza mwanga, na ndege hugeuka karatasi tupu. Kwenye kirekebisha mwanga cha kamera, chenye alama ya +/−, punguza kwa 0.7 hadi 1.3. Ukiielekeza kwa ndege mweusi angani, huona mwanga mwingi na kumtia kiza. Ongeza kwa 1 hadi 2. Theluji nayo huidanganya vivyo hivyo: ongeza 1 hadi 2.

Washa onyo la weupe uliopitiliza, lile linalometameta kwenye kioo cha nyuma. Unapoweza kuhesabu unyoya mmoja mmoja kifuani mwa yangeyange, mwanga uko sawa.

## Hatua ya 6: Msome ndege, uwahi kabla hajafanya

Ukisubiri uone bawa likifunguka ndipo ubonyeze, umechelewa. Anza kupiga mfululizo pale dalili inapotokea.

Ndege mla nyama kama furukombe mara nyingi hunya kabla ya kuondoka, kisha huinamia mbele. Bata hutikisa vichwa juu na chini wanapokaribia kuruka. Ndege wengi, wakitoka kupumzika, hunyoosha bawa na mguu wa upande mmoja, halafu upande wa pili. Kuruka hakuko mbali.

Yangeyange mdogo ana miguu myeusi na nyayo za njano. Akiwinda, husimama kwa mguu mmoja, na mwingine huutetemesha ndani ya tope taratibu. Utaona duara la matope likipanda juu ya maji. Samaki wadogo hushtuka na kutoka, na hapo shingo hurudi nyuma kama upinde. Usibonyeze kwenye mguu, bonyeza shingo inaporudi, maana kinachofuata huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mdiria ni rahisi kuliko sifa zake. Akipiga mbizi, usimfuate kwa lenzi. Acha fokasi kwenye tawi alilotoka. Atarudi hapo na samaki mdomoni, atamgongagonga kwenye tawi kulia na kushoto mpaka atulie, kisha atamgeuza kichwa kitangulie na kummeza. Una sekunde kadhaa nzima za kupiga. Bonyeza anaponyanyua kichwa, mwanga ukiacha nukta nyeupe ndani ya jicho. Bila nukta hiyo jicho huonekana limekufa.

Acha nafasi mbele ya ndege kuliko nyuma yake, awe na pa kwenda ndani ya fremu.

## Hatua ya 7: Badilika na msimu

Ukame. Maji hupungua, samaki hubanwa kwenye madimbwi, na ndege hukusanyika: mwari, korongo, yangeyange, wote mahali pamoja. Ndio msimu rahisi kwa anayeanza. Vumbi la jioni hugeuza mwanga kuwa mwekundu, lakini usibadilishe lenzi upepo ukivuma, na vumbi lililoingia lipulize kwa pampu, kamwe si kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina mate. Kumbuka pia kwamba ndege wako katika shida. Kila unapomrusha unampotezea nguvu ambazo hazirudi kirahisi.

Mvua. Wengi hufunga kamera msimu huu, nami naupenda kuliko yote. Wingu jepesi hulainisha mwanga, unaweza kupiga hata adhuhuri. Dume la kwera, aliyekuwa kahawia kama majani makavu, huvaa rangi nyekundu au ya manjano na kupigania nafasi kwenye matete. Mnandi hukaa na mabawa wazi akiyakausha, maana manyoya yake hulowa anapozamia. Vika kamera mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa ajili ya lenzi. Ukitaka matone ya mvua yasimame kama shanga, tumia 1/1000. Ukitaka yawe nyuzi ndefu, shuka hadi 1/60 ndege akiwa ametulia.

Kuzaliana. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usilikaribie tundu la ndege. Mama akiondoka, mayai hupata jua kali au baridi, na njia uliyokanyaga kwenye majani humwongoza mwindaji. Miaka mingi iliyopita nilisogea kumpiga ndege wa ufukoni aliyekuwa akiburuta bawa kama limevunjika. Nilidhani ameumia. Alikuwa akinivuta mbali na mayai yake, nami niliendelea kumfuata kwa nusu saa nzima, mayai yakiwa peke yake juani. Ukiona bawa linaburutwa, rudi ulikotoka, ukitazama unapokanyaga. Usikate matawi yanayolifunika tundu, na usipige rekodi za milio kuwaita. Ndege akiwa adimu, ondoa taarifa za mahali kwenye faili kabla ya kuionyesha.

Wahamiaji. Baridi inapokaribia kaskazini, ndege wengi wa Ulaya na Asia husafiri kusini, na madimbwi ya kitropiki hujaa wageni hadi wanaporudi kuzaliana. Waliofika karibuni wamechoka na wamekonda. Wape umbali mkubwa kuliko wenyeji. Karibu na kuondoka, wengine huanza kuvaa manyoya ya kuzaliana: tumbo lililokuwa jeupe huwa jeusi au kutu. Siku hizo ni chache, ziandike.

Baridi. Hewa ikiwa baridi kuliko maji, mvuke hupanda alfajiri na ndege hutembea ndani yake. Hapo unaweza kupiga ukielekea jua, mvuke uwake. Betri huisha haraka. Weka ya akiba mfukoni karibu na mwili. Ukirudi penye joto, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, ili unyevu ushike kwenye plastiki na si ndani ya lenzi.

## Hatua ya 8: Ondoka taratibu, andika siku hiyo hiyo

Subiri ndege wasogee wenyewe, kisha rudi nyuma ukitambaa. Ukiinuka ghafla, kesho watakukumbuka.

Nyumbani, futa bila huruma kila picha ambayo jicho halikutoka wazi. Kati ya 600, kubakiwa na 5 ni siku njema. Zilizobaki ziwe na nakala tatu: mbili kwenye vifaa tofauti, na moja mahali pengine kabisa.

Kisha daftari. Andika tarehe, saa, upepo ulikotoka, kina cha maji, mahali ulipolala, ndege alifika saa ngapi na aliondoka akielekea wapi. Ukurasa mmoja wa kwangu unasomeka hivi: «14 Juni. Upepo wa mashariki, mdogo. Maji yamefika jiwe la pili. Mdiria kwenye kisiki 12:50, amerudi mara nne. Jua likamfikia 1:05. Nilikuwa kulia mno, tete moja likakata mdomo. Mwakani, hatua mbili kushoto.»

Wiki hiyo hiyo mwaka unaofuata, ufungue ukurasa kama huo usiku kabla hujalala, na asubuhi utandike turubai hatua mbili kushoto.